Swali la Komwe

Foleni kwa fundi kompyuta wa Maili Moja, Kibaha, ilifika hadi kwa wauza machungwa. Kaka mmoja mwenye shati la bluu lililopigwa pasi akawapita watu wote, kama vile banda ni la baba yake.

"We kaka, sisi hapa mapambo?" Adventina alimfokea. Alivaa gauni la kitenge cha njano na kompyuta yake ameikumbatia.

Kaka huyo, Melkiori, aligeuka, akamwona, akarudi kwa hiari kusimama nyuma yake.

"Samahani, dada. Natoka mbali, Masaki."

"Masaki ya mabalozi?"

"Masaki ya Kisarawe. Ya mihogo."

Adventina alicheka ingawa hakutaka. Zamu yao ilipofika, walikuwa wameshapeana namba.

Zikaanza simu za kila jioni. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, ila sauti yako sijaishiba." Wote wawili waliandika programu. Adventina alikuwa anatengeneza mchezo wa bao wa kwenye simu, lakini mchezaji wa pili akiingia tu, mchezo unaganda. Melkiori hakuambiwa, kwani Adventina alitaka kumshangaza baada ya kuuonyesha kwenye maonyesho ya vijana wabunifu. Akauliza kwenye jukwaa la waandika programu mtandaoni, akitumia jina la Komwe, kama zile kete za bao.

Msimamizi wa jukwaa, aliyejiita Mzee Msimbo, alimjibu: "Swali la kitoto. Rudi shule." Kisha akalifunga, mtu mwingine asiweze kujibu.

Watu wa aina hii nawachukia. Wamekabidhiwa ufunguo wa mlango, basi wanajiona ndio walioijenga nyumba.

Siku ya maonyesho bao liliganda mbele ya wageni. Adventina alitoka nje akampigia mpenzi wake.

"Mel, bao langu limeganda, wamenicheka! Na niliuliza mapema! Kuna mshenzi mmoja jukwaani, Mzee Msimbo, kanitukana, kalifunga swali langu!"

"Bao?" Melkiori aliuliza.

"Bao la kwenye simu, nilitaka kukushangaza!"

"Tina... wewe ndiye Komwe?"

"Umejuaje?"

"Mzee Msimbo ni mimi."

Adventina alikata simu. Melkiori alipiga tena na tena mpaka ikapokelewa.

"Nisamehe, mpenzi. Ningejua ni wewe..."

"Hapo ndipo unaponiudhi! Angekuwa mwingine ingekuwa sawa? Fungua maswali yote uliyoyafunga, uyajibu. Mpaka hapo usiniite mpenzi!"

Melkiori naye alinuna. Nani wa kumwamuru kwenye jukwaa lake? Lakini jioni bila sauti ile zilimshinda, akaanza kufungua na kujibu. Adventina alisoma kila jibu, bado amekasirika. Swali la Komwe lilibaki la mwisho. Chini yake Melkiori aliandika: "Sijui. Hata siku ile sikujua. Niliona aibu kusema, nikamtukana aliyeuliza."

Hasira ikampanda Adventina upya. Akabeba kompyuta yake, akabadilisha magari, akamalizia safari kwa bodaboda. Alifika Masaki kitenge kimejaa vumbi, akamkuta Melkiori barazani na mama yake wanabangua korosho.

"Ungesema hujui! Neno moja tu! Wangejibu wengine, nisingeaibika!" Akamwona mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Endelea."

"Ni kweli, Tina," Melkiori alisema.

"Usinikubalie haraka hivyo, sijamaliza!"

Aligomba mpaka sauti ikakauka. Mama akamletea maji. Akanywa, akakaa mkekani, akafungua kompyuta.

"Sogea. Tulitafute wote hilo tatizo."

Walibishana kila mstari, huku wakitafuna korosho. Kabla jua halijazama, mchezaji wa pili aliingia na komwe zikatembea. Mikono yao ilikuwa inanukia korosho.

"Tina, nije lini kwenu kujitambulisha?"

"Sijui."

Melkiori aliinamisha kichwa.

"Nimekujibu ukweli, hasira bado ninayo," Adventina alisema, akimfuta vumbi la korosho shavuni. "Uliza tena kesho. Mimi sifungi maswali ya watu."