Gari Lililonyooka Kwenye Nyuzi

Harufu ilimpokea Warda kabla hajaufikia mlango. Ilikuwa Jumapili, jua limeshapanda juu ya mikoko ya Gazi, naye amebeba sinia la chai, mahamri na mbaazi za nazi, kifungua kinywa cha baba yake kila siku ya mashindano. Harufu yenyewe ilikuwa ya plastiki iliyoungua, na hiyo haikumshtua, maana karakana ya mzee Boga ilinuka hivyo wiki nzima. Kilichomshtua ni komeo. Lilikuwa limefungwa kwa nje.

Mtu hajifungii komeo la nje naye yumo ndani. Warda aliweka sinia chini, akalivuta, akausukuma mlango, ukagoma nusu njia. Nyuma yake palikuwa na kitu kizito. Kilikuwa baba yake.

Boga alilala kifudifudi, mkono wa kulia ameunyoosha kuelekea mlangoni. Kisogoni damu ilikuwa imeganda, na damu nyingine ilikuwa kwenye jiliwa, lile koleo kubwa la chuma lililofungwa kwenye ukingo wa meza. Juu ya meza betri ilikuwa imeungua ikabaki donge jeusi. Kuta, dari, mbao, vyote vilipakwa masizi. Na katikati ya uchafu wote huo, gari lake la mashindano lilikuwa linaning'inia kwa nyuzi mbili, moja puani na moja mkiani, bila bodi, jeusi tii, limenyooka sawasawa. Warda aliliona gari lile, lakini kwa wakati huo halikumwambia kitu. Alipiga ukelele, na nyumba za jirani zikafunguka zote.

Huenda wewe unacheka watu wazima wanaocheza na magari ya rimoti. Cheka. Boga alichekwa miaka mingi na hakujali. Yeye na wenzake walishindana Jumapili kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa hoteli moja ya Diani iliyofungwa, ambako saruji imepasuka na majani yanajiotea. Magari yao yalivaa sura za zamani, Pijo 504, Datsun na Kotina, zile zilizotimua vumbi la Safari Rally wao wakiwa watoto. Masharti yalikuwa magumu: mota ya kawaida, tairi nyembamba, na uzito usiopungua kilo moja na nusu. Gari likiwa jepesi, hubandikwa vipande vya madini ya risasi kwa nta mpaka mzani useme sawa.

Hapo ndipo palipokuwa na ufundi. Risasi haibandikwi popote tu. Betri hukaa kushoto, mota kulia, na upande mmoja ukizidi, gari linapinduka kwenye kona. Kwa hiyo Boga alilifunga kwenye nyuzi mbili na kulitazama linaangukia wapi, kisha akasogeza risasi kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, mpaka litulie. Kazi hiyo waliiweza watu wawili tu: Boga, na Mbarak, rafiki yake tangu ujana wao Msambweni na mshika rimoti wake.

Inspekta Mwinga alifika kutoka Msambweni kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu mnene wa sauti ya chini, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Maiti ilipelekwa kwa daktari, ikarudishwa alasiri, ikazikwa. Jioni ileile Iddi alitiwa pingu.

Iddi ni mume wa Warda. Jumamosi, kwenye mazoezi, Boga aliliweka gari la Iddi kwenye mzani akalikataa mbele ya watu. Lilikuwa jepesi, na hata hizo risasi chache alizokuwa nazo alizirundika upande mmoja. "Hili gari ni kiwete, kama akili ya aliyelitengeneza!" mzee alisema. Watu wakaangua kicheko. Iddi naye, ulimi haukumkaa: "Wallahi, mzee, utanitambua!" Uwanja mzima ulisikia. Usiku jirani akamwona akienda karakana.

"Nilikwenda kumwomba radhi," Iddi alimwambia Warda kituoni. Macho yalikuwa yamevimba. "Nilikuta komeo limefungwa kwa nje. Nikadhani katoka. Nikageuza nikarudi."

"Hukusikia kitu?"

"Nilisikia harufu. Pale kila siku hunuka, Warda." Aliinamisha kichwa. "Unaniamini?"

Warda alizitazama pingu kwanza, na kutazama huko kulimkata Iddi maini. Kisha akasema, "Nakuamini." Ukweli ni kwamba hakuwa na hakika, na alijichukia kwa hilo. Jumatano mumewe angefikishwa mahakamani Kwale kwa kesi ya kumuua babake. Alikuwa ameshampoteza mmoja, na wa pili alikuwa anamponyoka mkononi.

Tangani, nyumbani kwa marehemu, watu walijaa. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi, wanawake ndani pamoja na mama yake Warda, Ummi, aliyeketi eda. Warda alipita na birika la kahawa, na kila aliyempa kikombe alimtupia na swali.

Cynthia alikuja Jumatatu, amejifunga leso kichwani ovyo ovyo. Alikuwa mtu wa bara, meneja wa baa huko Ukunda, na mwanamke pekee aliyeshindana pale uwanjani. Mara mbili alitaka kulinunua gari la Boga, mara mbili akafukuzwa. Watu walishaanza kunong'ona.

"Manze, Warda, pole sana," alisema. "Najua wanasema ni mimi. Ati nilitaka ile Pijo ya mzee. Kweli, niliitaka! Lakini Jumamosi nilikuwa kazini mpaka tukafunga, uliza mtu yeyote."

"Ukiwa nyuma ya meza ya baba, dada Cynthia, ungeweza kulisawazisha gari?"

"Mimi? Gari langu alinitengenezea yeye. Mimi nabonyeza tu rimoti. Ukiniletea lile kopo la risasi, nitadhani ni peremende."

Warda alicheka bila kutaka, kisha akalia. Cynthia alilia naye.

Mbarak alikuwa hapo tangu asubuhi ya kwanza. Ndiye aliyechimba kaburi, ndiye aliyeshuka ndani kuipokea maiti, ndiye aliyepokea mikono ya pole kama ndugu wa tumbo moja. Ummi alisema apakuliwe chakula kabla ya wengine, maana hakuna aliyefiwa kama yeye.

"Shikamoo, ami," Warda alimsalimu, akimpa kahawa.

"Marahaba, mwanangu. Mola akupe subira." Alipapasa hewani kidogo kabla mkono haujakipata kikombe. Benchi alilokalia lilikuwa na mguu mfupi, na kila alipojisogeza liliyumba. Alinyanyuka, akachana kipande cha boksi, akakikunja mara nne, akakichomeka chini ya mguu, akajaribu kwa kiganja, akakitoa, akakikunja tena. Benchi lilipotulia ndipo akaketi.

"Ulimwacha saa ngapi Jumamosi, ami?"

"Kabla ya magharibi. Nilimwacha na gari lake kwenye nyuzi, betri imo ndani, anahangaika na risasi. Unamjua." Alikunywa. "Betri zile nilimwambia zitamwua."

"Komeo je?"

"Komeo?" Alilirudia neno taratibu. "Hilo, mwanangu, muulizeni mumeo."

Siku ya tatu, baada ya hitima, Inspekta Mwinga alimfungulia Warda karakana aangalie kama kuna kilichoibwa. Hakuna kilichoibwa. Jiliwa lilikuwepo, mzani ulikuwepo, kopo la risasi na kipande cha nta vilikuwepo. Warda alisimama mbele ya gari. Toka akiwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa akimshikia baba uzi, na mkono wake ulijua kitu ambacho kichwa kilikuwa hakijakisema.

"Afande," alisema polepole. "Hili gari lingeinama."

"Kwa nini?"

"Betri imetolewa. Ndiyo hiyo iliyoungua mezani. Upande wa kushoto ni mtupu, kulia kuna mota. Lingeangukia kulia hata kuku angeliona. Mbona limenyooka?"

Mwinga alisogea. Wote wawili walichungulia. Kwenye kitako cha betri, pale pasipotakiwa kitu chochote ila betri, vipande vya risasi vilikuwa vimepangwa na kukandamizwa kwa nta. Vilipakwa masizi kama kila kitu kingine.

"Labda aliviweka marehemu," Mwinga alisema.

"Baba? Aweke risasi mahali pa betri, kisha betri aitie wapi? Alikuwa akisema gari bila betri ni maiti, halipimwi." Neno hilo lilimtoka, akaziba mdomo. Akajikaza. Aling'oa kipande kimoja kwa ukucha, na chini yake chasisi ilikuwa safi, haina hata doa la moshi.

Mwinga alipatazama mahali palipokuwa safi. "Kwa hiyo risasi zilitiwa baada ya betri kutolewa, na kabla ya moto."

"Ndiyo. Mtu aliitoa betri ili aichome, ionekane ni ajali. Gari likainama. Naye hakustahimili kuliona limeinama."

"Mtu aliyetoka kuua atahangaika na hilo?"

"Hakufikiri, afande. Ni mkono tu. Iddi hawezi, mzee alilikataa gari lake kwa sababu hawezi. Cynthia hajui risasi ni nini." Alikumbuka kipande cha boksi kikikunjwa na kukunjwa tena. "Ya Rabi. Nitakuomba kitu kimoja. Usimkamate kwanza. Niachie nimwite mimi."

Alitoa risasi zote za kitako cha betri, akazirudisha kopono, akaliweka kopo mezani likiwa wazi. Gari likalala upande. Mwinga alikaa pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa, kama mtu aliyechoka.

Mbarak aliingia baada ya alasiri, anapapasa fremu ya mlango. "Umeniita, mwanangu?"

"Karibu, ami. Afande anauliza habari za baba, nami nyingine sizijui. Kaa hapa."

Alikaa mezani, gari mbele ya uso wake. Warda alimuuliza walianzaje. Mbarak alisimulia. Alisimulia bodi ya kwanza waliyoichonga kwa dumu la mafuta ya kupikia, na springi walizozikata kutoka kwenye kalamu za wino, na jinsi walivyobishana kama pua iwe nzito au mkia. Sauti yake ilipata uhai. Mara mbili aliligeukia gari, mara mbili akajizuia. Warda aliuliza tena, kuhusu Jumapili ile walipowashinda wote kwenye mvua. "Siku ile," Mbarak alisema, "tuliongeza mbele, maana saruji ilikuwa inateleza…" na huku anasema, mkono wake ulizama kopono. Ukatoa kipande, ukakilainishia nta kwa kidole gumba, ukakibandika kwenye kitako cha betri. Ukachukua cha pili, na cha tatu. Gari likajiinua. Kila kipande kilikaa juu ya alama yake safi, kikaifunika yote.

Gari lilinyooka, na Mbarak akaona mkono wake ulipo.

"Kila kimoja mahali pake, ami," Warda alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi.

Mbarak hakukana. Mabega yalimshuka. "Macho yangu yamekwisha, Warda. Kona ya mbali siioni, ninaendesha kwa sauti ya mota. Mwezi uliopita niliipiga Pijo ukutani, baba yako akanyamaza. Jumamosi akaniambia, 'Mbarak, inatosha. Wewe utakaa kwenye mzani.' Gari nililolijenga mimi pia! Nikamuuliza rimoti atashika nani. Akasema, 'Kesho mpe Warda.'"

Warda alikuwa hajui. Baba yake hakuwahi kumwambia, na sasa hangemwambia tena.

"Nilimsukuma. Wallahi, mara moja tu. Kichwa kikapiga jiliwa. Nilimgusa, hakutikisika. Nikasema amekufa, basi, nini tena? Nikaitoboa betri kwa msumari nikatoka."

"Ukafunga komeo," Mwinga alisema.

"Ili asije mtu akaona moshi mapema."

Mwinga alisimama. Alisema maneno yake kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Daktari alikuta masizi kifuani mwa marehemu, mzee. Alikuwa anapumua. Alizinduka akatambaa mpaka mlangoni."

Mbarak alimgeukia Warda, anamtafuta kwa yale macho yake mabovu.

"Ulipata nafasi ya kulinyoosha gari, ami," Warda alimwambia. "Ya kumgeuza baba hukuipata."

Mwinga na askari wake walimtoa kwa njia ya nyuma ili waliokaa tangani wasione. Iddi angeachiwa kesho yake, Mwinga aliahidi, naye alikuwa mtu wa kushika neno. Warda alibaki peke yake muda kidogo. Alizibandua risasi zile kutoka kwenye kitako, gari likaanguka kulia, akaliacha hivyo.

Alipoingia ndani, Ummi aliinua uso kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mbele yake palikuwa na sahani ya wali iliyofunikwa kawa.

"Mbarak yuko wapi?" aliuliza. "Tangu adhuhuri hajala. Hebu mwite, maskini, chakula chake kinapoa."

Warda alikaa mkekani kando ya mama yake, akaisukuma sahani pembeni, akamshika mkono.