Kichwa Kiko Sawa, Tatizo Mwili

Mke wangu alikuwa bafuni, simu yake iko mezani, ikaingia meseji. Sina tabia ya kusoma simu yake. Siku hiyo niliisoma.

“Kichwa kiko sawa. Tatizo mwili, umeuacha wazi. Kesho njoo mapema tuufunge kabla wenzako hawajafika.”

Aliyetuma: Mwalimu.

Chai ikanishinda. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule kiwandani. Mwalimu wa nini huyo? Alipotoka nikamuuliza kama mtu asiye na neno:

“Kesho unarudi saa ngapi?”

“Nitachelewa kidogo. Kuna kazi ya ziada.”

Nikatoka nje, nikampigia dada yangu.

“Dada, mke wangu ana mtu.”

“Nani kakwambia?”

Nikamtajia ile meseji, nilikuwa nimeishika neno kwa neno.

“Mdogo wangu, usimguse. Mfuate, uone kwa macho yako, ndipo tuongee.”

Mimi ni fundi bomba. Kesho yake mchana nilikuwa nimelala chini ya sinki la mteja, lakini akili haikuwepo. Nikakusanya spana zangu.

“Fundi, mbona unaondoka na maji hayajarudi?” mama mwenye nyumba akauliza.

“Nakuja, mama.”

Sikurudi mpaka siku ya pili.

Saa kumi mke wangu akatoka kiwandani, mwendo wa haraka, hageuki nyuma. Mtaa wa tatu akapanda ngazi pembeni ya duka la vitabu. Nikajiambia nisubiri dakika tano. Nilimaliza mbili.

Nikasukuma mlango. Chumba kina kompyuta nane. Mke wangu amekaa mbele ya mojawapo, nyuma yake kasimama mwanaume wa sweta, kalamu sikioni.

“Wewe ndiye unayefunga mwili wa mke wangu?”

Mwanaume akamtazama mke wangu, kisha akanitazama mimi.

“Ni mimi,” akasema, akaonyesha kioo cha kompyuta. “Mwili wenyewe huu hapa.”

Nikaona maandishi na vialama vya ajabu ajabu.

“Ukurasa wa mtandao una kichwa na una mwili,” akanieleza kwa upole. “Kila sehemu unaifungua kwa alama, unaifunga kwa alama. Mkeo alisahau ile ya mwisho.”

Wanafunzi wengine walishafika mlangoni nyuma yangu. Wakaangua kicheko. Mke wangu hakucheka. Akachukua mkoba, akanipita kama nguzo. Nikamkimbilia kwenye ngazi.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuambia.”

“Lini?”

“Mwezi wa pili. Nilisema nataka kujifunza kutengeneza tovuti, niweke magauni yangu, watu wayaone. Ukacheka mpaka ukapaliwa. Ukampigia na dada yako ili naye acheke. Nilikuwa jikoni, nikasikia: ‘Wifi yako sasa ni mhandisi wa kompyuta.’”

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesahau kabisa, na nilikumbuka.

“Ule ulikuwa utani, mke wangu.”

“Utani wanacheka wawili. Mimi naenda kwa mama.”

Siku nne. Nilituma meseji kumi na moja, hakujibu hata moja. Nikampigia mama mkwe.

“Mwanangu, anakula, analala, anakwenda darasani,” akaniambia. “Kukutaja, hakutaji.”

Siku ya tano nikapanda zile ngazi mwenyewe.

“Umekuja kufanya fujo au kusoma?” mwalimu akauliza.

“Kusoma.”

“Umewahi kutumia kompyuta?”

“Niliwahi kubeba moja, wakati jirani anahama.”

Akanipa kiti, mstari wa nyuma. Mke wangu alikuwa mbele yangu. Hakugeuka, siku hiyo wala wiki hiyo.

Vidole vyangu vimezoea mabomba. Kwenye kibodi nilikuwa nadonoa kama kuku. Siku ya kwanza niliandika mistari mitatu, kioo kikaja cheupe, hakina kitu. Nikasaka kosa saa nzima. Kumbe sikuhifadhi. Siku ya tatu ndipo maneno yalipotokea, makubwa, meusi: Mimi ni fundi bomba. Moyo ukaruka. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amenipa mgongo.

Hapo ndipo iliponiingia. Yeye alikuwa na furaha hii kwa miezi, akirudi nayo nyumbani kila jioni, hana wa kumwonyesha.

Ijumaa ya wiki ya tatu kila mtu alionyesha ukurasa wake. Wake ulikuwa na magauni sita, kila moja na picha yake na maelezo ya jinsi alivyolikata. Manne sikuwahi kuyaona, na yote yalishonwa kwenye nyumba ninayolala.

“Kuna swali?” mwalimu akauliza.

Nikasimama.

“Sina swali. Mke wangu aliponiambia anataka kufanya hiki, nilimcheka, nikamwita na mwingine amcheke. Leo nina wiki tatu humu, ukurasa wangu una mistari minne. Nilitaka mlijue hilo, maana kosa langu nililifanya mbele za watu.”

“Kaa chini,” mke wangu akasema bila kugeuka. “Unawaziba wa nyuma.”

“Nyuma yangu hakuna mtu.”

“Kaa tu.”

Sauti haikuwa ile ya kwenye ngazi.

Tulipotoka, alikuwa ananisubiri kwenye korido.

“Na kunifuata kama mwizi, je?”

“Hilo sina utetezi. Ningekuuliza.”

“Ungeniuliza.” Akahamishia mkoba bega la pili. “Na mimi nilikudanganya kuhusu kazi ya ziada. Sikupenda.”

“Rudi nyumbani.”

“Nikirudi, kile chumba cha stoo nakitaka. Cherehani, meza, na mlango wa kufunga nikiwa nafanya kazi. Mabomba yako yatoke.”

“Yanatoka leo hii.”

“Kesho. Leo nimechoka.”

Akanikabidhi mkoba wake, tukaanza kushuka.