Soketi za Mzee Obura

Kila jioni Mzee Obura alipofika nyumbani, mkewe Adongo alimwuliza swali moja. "Leo umefungua nini?"

Obura alivua ovaroli mlangoni, akataja injini ya lori, au breki, au pampu ya maji. Adongo aliitikia kwa kichwa akiendelea kusonga ugali. Pampu yenyewe hakuijua, lakini alipenda kusikia.

Haya nayajua kwa sababu nilikuwa nakula kwao. Mimi ni Karanja, fundi wa magari hapa Nakuru. Obura ndiye aliyenifundisha kazi. Alitoka karakana ya reli akaja kufungua banda lake, na baadaye mimi nikafungua langu kando yake. Vifaa vyake, spana na zile soketi za kuvikwa kichwa cha bolti, alivinunua kimoja kimoja tangu enzi za reli, na vingi vilikuwa vya vipimo vya inchi, si milimita. Jamani, nakumbuka mlio wa sanduku lake la vifaa likifunguliwa asubuhi. Ukiusikia, unajua siku imeanza.

Mzee alipofariki, Adongo alilipeleka sanduku chumbani. Kila Jumamosi alivitoa vifaa vyote, akavipangusa, akavipaka mafuta na kuvirudisha. Binti yao Truphosa ni fundi pia, na ndiye aliyebaki na banda. Alipoviomba vifaa, mama yake alisema, "Hivyo ni vya baba yako. Havitoki."

Basi Truphosa akaenda mjini, akarudi na seti mpya. Ilikuwa na kila kitu ndani ya sanduku la plastiki, na ilimeta kama sufuria za harusi. Bei ilikuwa ya kutupa.

"Uncle Karanja, si ni nzuri?" aliniuliza.

"Kwa kuangalia, ni nzuri sana."

Akacheka. "Wewe una wivu tu."

Nikarudi kwenye kazi yangu. Ukishakuwa na mvi watu hudhani unasema kwa wivu.

Sasa, kuna mtu anaitwa Kiplangat. Yeye hubeba maziwa ya wakulima wa upande wa Njoro, na pikapu zake zote hutengenezwa na Truphosa. Bila Kiplangat, lile banda lingefungwa. Siku moja, baada ya kupeleka maziwa ya asubuhi, alileta pikapu ibadilishwe breki za mbele.

"Dada, maziwa ya jioni hayangoji," alisema. "Nikikosa gari, wakulima watamwaga maziwa, na mimi itabidi nitafute fundi mwingine. Si kwa ubaya."

"Utalipata, boss," Truphosa akamjibu.

Bolti inayoshika breki ilikuwa imeshikwa na kutu. Truphosa aliweka spana yake mpya, akavuta. Bolti ikakataa. Akachukua paipu, akaichomeka kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi. Nilimwona nikamwita, lakini nilichelewa. Mdomo wa spana ulipanuka. Spana ikateleza na kula pembe zote za bolti. Mkono wake ukagonga chuma, vidole vikatoka damu.

Alikaa chini kando ya gurudumu. "Imekuwa mviringo," alisema. "Hakuna spana itaishika tena. Kiplangat nimempoteza."

Nilijaribu spana zangu. Zote ziliteleza. Nikamwaga mafuta ya kulegeza kutu, tukangoja. Kisha nikamwambia, "Baba yako angechukua soketi ya inchi yenye pembe sita, ndogo kidogo kuliko bolti. Angeigonga na nyundo mpaka ishike. Ya seti yako ni nyembamba, ukiigonga itapasuka. Zangu ni za milimita na hakuna inayolingana."

"Za inchi ziko kwa mama."

"Mpigie."

"Uncle, nilishaomba. Unajua alivyosema."

Nikampigia mimi. Nilimweleza Adongo yote, hata ile damu. 

"Mnataka kuigonga na nyundo?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Akakata simu. Nikajua basi, yamekwisha.

Baadaye nikamwona anavuka reli kwa miguu, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha bluu. Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha ovaroli ya mzee. Roho iliniuma.

"Nimekuja nazo, na nitarudi nazo," alisema, akazifungua soketi juu ya kiti.

Nilichagua moja. Truphosa alivaa miwani ya kazi, akaanza kugonga. Kila nyundo iliposhuka, Adongo alifumba macho. Soketi ilipoingia na kushika, nilimwambia Truphosa, "Polepole sasa. Hakuna paipu." Akavuta. Bolti ikalia, ikaachia.

Adongo aliiokota ile soketi, akaigeuza geuza. Haikuwa na ufa. Ilikuwa imejaa grisi na kutu. Aliipeleka puani, akabaki hivyo.

"Kila Jumamosi nazipaka mafuta," alisema, "lakini harufu hii haikurudi. Ilikuwa inakuja na yeye jioni."

Akalia. Tulimwacha alie, na mimi mwenyewe nilikuwa naangalia kando. Kisha akachukua mkono wa Truphosa wenye damu na grisi, akaufunga kwa kile kitambaa cha bluu.

Tuliweka bolti mpya, tukajaribu breki. Kiplangat alichukua gari lake kabla ya maziwa ya jioni.

Truphosa alitaka kuitupa seti yake yote. "Acha hasira," nilimwambia. "Si kila kitu lazima kiwe cha bei kali. Nyundo, brashi, kifaa unachotumia mara moja kwa mwaka, nunua cha bei nafuu. Lakini spana na soketi za kila siku, zile za kufungua bolti ngumu, nunua nzuri hata kama ni moja moja. Na stendi ya kushikilia gari ukiwa chini yake, hapo usibahatishe kabisa."

"Nitajuaje nzuri? Zote zinang'aa."

"Usiangalie mng'ao. Nenda dukani na nati mpya mfukoni. Ivike spana. Ikicheza cheza, iache hapo. Angalia pia mdomo usiwe mwembamba. Na bolti ikikataa, anza na mafuta na subira. Tumia spana ya duara au soketi ya pembe sita, kwa sababu inashika pande zote."

Adongo alikuwa akisikiliza. "Obura alisema hivyo hivyo," alisema. Kisha akamwambia binti yake, "Kesho njoo uchukue sanduku. Lakini Jumamosi lirudi nyumbani tulisafishe."

Siku hizi asubuhi nasikia tena ule mlio kando ya banda langu. Truphosa ameshaongeza spana nzuri za milimita, kila moja kwa wakati wake. Kiplangat bado analeta pikapu zake, na bolti zilizoharibika zimekuwa chache.

Jumamosi iliyopita nilimsaidia Truphosa kubeba sanduku mpaka nyumbani kwa mama yake. Adongo alikuwa jikoni anasonga ugali. Hakugeuka. Alisikia tu sanduku likiwekwa chini mlangoni.

"Leo umefungua nini?" akauliza.