Kisahani chenye Matundu

Kila asubuhi Anésie aliteka ndoo mbili za maji ziwani, pale Ujiji. Aliyachemsha ya kunywa, kisha akakaanga samaki, migebuka, wa kuuza. Mumewe Gervasi alishinda ufukweni akishona nyavu. Binti yao, Inamahoro, alikuwa na miaka minne na mdomo usiopumzika. Mvua zilikuwa zimeanza, na kipindupindu kilikuwa kimeingia mitaa ya jirani.

Mchana Anésie alimpelekea chakula jirani yake Veneranda, aliyefanya kazi katika maabara ya watafiti wa maji. Siku moja, huko kazini, Veneranda alimwonyesha kisahani cha plastiki chenye kifuniko. Ndani kulikuwa na utando mweupe, kama wa uji uliopoa. Utando ule ulikuwa vijidudu vya kipindupindu, mamilioni kwa mamilioni. Lakini ulikuwa na matundu ya mviringo, masafi kabisa.

Anésie akauliza nani ameutoboa.

"Hakuna aliyeugusa," Veneranda alisema. "Asubuhi matundu yalikuwa madogo. Tazama sasa."

Nywele zilimsisimka Anésie. Alitaka kuondoka, lakini macho yalikataa.

Veneranda akamweleza kwamba ni kazi ya bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Ni virusi wadogo mno, hata hadubini ya maabara haiwaoni. Akamwonyesha picha ya kitabuni: kichwa, mkia, na nyuzi nyembamba kama miguu.

"Faji hana macho, wala haogelei," alisema. "Anaelea tu mpaka agongane na kijidudu. Hapo anapapasa ngozi yake kwa miguu hii. Kama si ya aina yake, anaachia. Kama ni yenyewe, ananata."

Mkia hutoboa ngozi na kuingiza maagizo ya faji. Ganda tupu hubaki nje, limenata. Kijidudu bado yu hai, lakini si wake mwenyewe tena. Anatengeneza faji wengine tumboni mwake mpaka anapasuka.

"Umewatoa wapi hawa?" Anésie aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ziwani kwetu."

Hapo Veneranda akaitwa chumba cha ndani, na Anésie akarudi nyumbani na nusu ya habari. Sikio halilali na njaa. Kufikia jioni wanawake wa ufukweni wote walijua kwamba ziwa lina walinzi wanaoua kipindupindu. Anésie naye alipiga hesabu zake: ukichemsha maji, unawaua walinzi. Akaacha kuchemsha. Wenzake wakamwiga, maana kuni nazo zilikuwa za shida.

Siku ya nne Inamahoro aliharisha maji meupe, kama yaliyooshewa mchele. Kabla ya adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani na sauti imepotea. Anésie alimfinya ngozi ya tumbo; ikabaki imesimama. Mtoto alimtazama bila kupepesa, kama anayemtazama mtu mwingine nyuma yake. Anésie aliogopa sana. Akachota kikombe cha maji.

"Kunywa, mwana wanje, mwanangu."

Veneranda aliingia wakati huohuo, akamshika Anésie mkono wenye kikombe. Akauliza ni maji gani.

"Ya ziwa. Sikuyachemsha, nisiwaue walinzi."

Veneranda akayamwaga. Alikimbilia kwake, akakoroga pakiti ya ORS, chumvi na sukari ya wanaoharisha, kwa maji yaliyochemshwa. Gervasi akambeba mtoto hadi kwenye bajaji, na njia nzima wakamnywesha kidogo kidogo. Kwenye kituo cha afya akatundikiwa dripu.

Pale kwenye benchi Veneranda akamalizia ile habari.

"Kosa langu, nilikuachia njiani. Faji na kijidudu wanaishi kwenye maji yaleyale. Tena kijidudu hubadili ngozi yake. Faji anapapasa, miguu inateleza, anapita. Wamewindana hivyo tangu zamani, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Ukichota kikombe, hujui umemchota nani."

Anésie alilia bila kujificha. Siku ya tatu Inamahoro aliomba ugali.

Waliporudi, Anésie hakuanza na nyumba yake. Alipita mlango kwa mlango, akisema aliyekosea ni yeye. Aliwaambia wachemshe maji mpaka yatokote, wayatunze kwenye chombo chenye kifuniko, na wanawe mikono kwa sabuni watokapo chooni na kabla ya kula. Ilikuwa aibu, lakini aliimeza. Msimu ule hakuna mtoto mwingine wa mtaa wao aliyeugua.

Wa mwisho kuambiwa alikuwa Bibi Leonia, aliyemkuta ufukweni na ndoo yake. Ziwa lilikuwa limetulia, maji maangavu mpaka changarawe zinahesabika.

"Kwa hiyo walinzi hawapo?" bibi aliuliza.

"Wapo, bibi. Wanawinda hapo hapo, mbele yako. Lakini hata hawajui kama sisi tupo."

Bibi aliyatazama maji. Kisha akajitwisha ndoo.

"Basi niazime kiberiti," alisema.