Ndonya Iliyotolewa kwa Radhi

Asubuhi ile Sijaona hakusema "mama". Alisema "aa".

Mwanaheri, mama yake, alikuwa anakoroga uji wa mtama na wala hakugeuka. Mtoto wa miaka minne, chiriku mtupu, akikuita mara kumi unaitika mara moja yatosha. Lakini mtoto akarudia, "Aa! Aa!" na safari hii kwa kilio. Mama yake alipogeuka aliona uji unachuruzika kidevuni na kulowesha kifua. Sijaona alikuwa anajitahidi kufunga mdomo, na mdomo wa chini ulikuwa hautaki kupanda.

"Baba Sijaona! Njoo umwone mwanao."

Muharami alitoka chumbani anafunga vifungo vya shati lake jeupe la kazini. Akamshika mtoto kidevu, akautazama mdomo. Haukuvimba. Haukuwa na kidonda.

"Sema baba."

"A-a."

"Sema jina lako."

"Sijaona," mtoto akasema, wazi kabisa, kwa kuwa jina hilo halihitaji midomo ikutane.

Muharami akamwachia kidevu upesi. Baadaye alikuja kusema kwamba hakujua, kwamba alidhani ni homa ya mdomo. Msimwamini. Alijua pale pale, na bado akachukua kalamu zake akaenda kazini.

Huo ulikuwa mwaka uliofuata vita vya Maji Maji. Kule bondeni Masasi vijiji vilikuwa bado majivu, na huku juu Newala watu walikuwa wanakula mizizi ya porini, ming'oko, kwa sababu ghala hazikuwa na kitu. Muharami alikuwa na bahati ya kazi. Alikuwa amesoma Lindi katika shule ya serikali, akasilimu huko huko, na sasa alikuwa mkalimani wa Mdachi mmoja, Mjerumani aliyekuja kukusanya vitu vya watu. Si pembe wala mpira. Vitu: vinu, vitana, vikopo vya ugoro, ngoma. Watu walimwita Bwana Macho, maana alikuwa anaweza kukitazama kinu cha mtu mpaka mwenye kinu akaona haya.

Alijengewa nyumba ya udongo karibu na boma, ndani rafu za mianzi kutoka ukuta hadi ukuta. Kila alasiri aliifungua watu waingie watazame, kabla vitu havijatiwa masandukuni kwenda Lindi na kuvuka kwenda Ulaya. Alisema kwao ziko nyumba za namna hiyo, kubwa kuliko boma, na watu huzitembelea, wakatazama, wakarudi makwao. Watu wa kijiji cha Makote walicheka mpaka wakashika mbavu. Utoke nyumbani kwako, ulikoacha kinu, uende kutazama kinu! Tena mikono nyuma, usiguse!

Lakini walikwenda, wakaiita Nyumba ya Kutazama. Baadhi yao walisimama mbele ya rafu moja bila kucheka, ile yenye vibuyu vya dawa vya watu waliokufa vitani, na wakatoka bila kuaga.

Muharami ndiye aliyeandika vikaratasi vya kila kitu. Namba, mahali, jina, na mwishoni maneno ambayo Bwana Macho alitaka yawepo kila mara: *imetolewa kwa radhi*. Hata chini ya vibuyu aliandika hivyo.

Mwanzoni na yeye alikuwa anaona vinu tu. Siku moja Bwana Macho alimsimamisha mbele ya kifuniko cha kikopo cha ugoro.

"Tazama. Jicho lako naona nini?"

"Kifuniko, Bwana."

"Hapana. Hilo jina. Mimi nauliza jicho."

Akamwacha hapo mpaka miguu ikauma. Muharami alikuwa anamtukana moyoni. Halafu, sijui ilikuwaje, akaona. Aliona mstari uliochongwa ukizunguka kifuniko bila kukatika, na mahali pamoja palipokuwa na fundo la mti, mchongaji hakulikimbia, alilizungushia mstari likawa jicho la ndege. Mtu fulani, labda amekwisha kufa, alifikiri jambo hilo akiwa ameketi peke yake na kisu. Muharami alisikia machozi yanamlenga, akaona aibu, akasingizia vumbi.

Kuanzia siku hiyo akawa mgonjwa wa kutazama. Alitazama mwiko, alitazama kigoda, alitazama chale za usoni kwa mama yake ambazo alizikuta tangu anazaliwa. Ndipo alipoiona ndonya ya mama yake.

Kila mwanamke mkubwa wa Kimakonde alikuwa nayo siku zile, kipande cha mti cha duara kinachokaa ndani ya tundu la mdomo wa juu au wa chini. Ya mama yake ilikaa chini, na baba yake ndiye aliyemchongea. Ilikuwa ya mpingo, na katikati ametia duara la bati jembamba kama uzi, halikukaa sawasawa, limeegemea upande mmoja kidogo. Miaka thelathini Muharami alikula mbele ya ndonya ile, akisikia inavyogonga meno, tak, tak, na hakuwahi kujua kwamba ni nzuri.

Mama alikuwa mgonjwa. Njaa ilikuwa imemtia vidonda kinywani, mdomo ukavimba, ndonya haikukaa tena. Aligeukia ukutani, kwa sababu mdomo mtupu wa mwanamke hauonyeshwi mtu isipokuwa mume, na mume alikwisha kufa. Akanyoosha mkono nyuma yake, ndonya imefungwa kitambaani.

"Nitunzie, mwanangu. Ipake mafuta ya karanga isipasuke. Nikifa unirudishie. Usiniache niende kwa wenzangu kinywa wazi."

"Ndiyo, mama."

Alitaka kumwonyesha Bwana Macho tu, asubuhi moja, airudishe mchana. Ndivyo alivyojiambia. Bwana Macho aliichukua mpaka dirishani, akaigeuzageuza mwangani, kisha akamshika Muharami bega.

"Hii umeona wewe mwenyewe. Sasa una jicho. Sasa wewe rafiki yangu."

Hakupewa kitu kingine zaidi ya hayo maneno. Na kwa maneno hayo akaketi, akachovya kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Mia mbili na kumi na nne. Newala. Ndonya ya mwanamke. Imetolewa kwa radhi.*

Siku ya tatu mama akafa. Mama mdogo Stamili, mdogo wake marehemu, alipokuja kumwandaa maiti aliuliza, "Ndonya ya dada iko wapi?"

"Alikuwa nayo mwenyewe," Muharami akajibu. "Sijui kaiweka wapi."

Alimtupia lawama maiti. Wanawake wakapekua majamvi, wakachekecha hata majivu ya jikoni. Mwisho wakachonga kigunzi cha muhindi wakamtia mdomoni, kikadondoka, wakakirudisha, kikadondoka tena, wakamzika hivyo.

Siku ya kumi na mbili baada ya maziko ndiyo ile Sijaona aliyoamka bila "mama".

Siku hiyo Nyumba ya Kutazama ilikuwa nusu tupu, masanduku yamepangwa mlangoni. Ukungu wa Newala ulikuwa haujaondoka ingawa jua lilikuwa limepanda. Muharami alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya ndonya, na kabla hajafika alisikia harufu ya mafuta ya karanga, na chini yake harufu ya kidonda cha kinywani. Kikaratasi cha mia mbili na kumi na nne kilikuwa kimelowa. Akatazama juu, paa halikuvuja. Akakifuta kwa leso, akageuka, na nyuma yake akasikia tone likianguka juu ya karatasi, kisha jingine, matone mazito ya polepole, kama mate ya mtu ambaye hana namna ya kuyazuia, na alipogeuka tena wino ulikuwa unatiririka na neno *radhi* lilikuwa limekwisha kufutika lote, na kutoka kati ya zile ndonya zilizopangwa safu, ambazo kila moja ilikuwa na mdomo wake mahali fulani duniani, ikaja pumzi ya mtu anayehema kinywa wazi, na ndani ya pumzi hiyo sauti ikamwita jina lake bila kukutanisha midomo.

"U-hara-i."

Hakukimbia.

"U-hara-i. Ni-e do-o angu."

Nipe mdomo wangu. Alielewa kila neno.

Jioni wakamwita Mwalimu Fakihi kutoka Makote. Akaandika kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani, akaliosha kwa maji, akamnywesha mtoto. Maji yote yalirudi kidevuni. Akamnywesha mara ya pili na kumshikilia midomo kwa vidole, na mtoto akakohoa, na chumba kizima kikasikia, wazi kabisa, kitu cha mti kikigonga meno. Tak. Tak. Sijaona hakuwa na kitu mdomoni.

Mwalimu Fakihi akakusanya vitabu vyake.

"Jini ningempunga," akasema kwa sauti ya chini, hakumtazama Muharami. "Huyu si mgeni. Huyu mtu wenu, ana haki yake hapa. Muulizeni anadai nini."

Mwanaheri akampakata mtoto. "Baba Sijaona, mbona unaondoka? Unajua kitu? Kama unajua, sema! Mwanangu atakuwa bubu?"

Muharami akatoka, akaenda kwa mama mdogo Stamili, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka."

Hakuinuka. Akasema yote pale chini. Stamili alisikiliza mkono ukiwa juu ya ndonya yake mwenyewe, kana kwamba na hiyo itachukuliwa.

"Tulichekecha majivu," akasema mwishowe. "Wewe umesimama unatutazama."

"Nisamehe, mama."

"Mimi siye wa kukusamehe. Lini Mzungu anashuka na masanduku?"

"Kesho asubuhi."

"Basi kesho utakwenda na mtoto mgongoni. Usiichukue kwa kificho. Akiibiwa mara mbili hatakujua tena kuwa mwanawe. Utasema kwa mdomo wako mbele ya Mzungu na wapagazi: hii ya mama yangu, nilimwibia. Sisi tutakungoja kaburini, shimo wazi. Ukifika nayo atamwacha mtoto."

Alfajiri alimfunga Sijaona mgongoni. Wapagazi walikuwa wamekwisha jitwika. Bwana Macho alikuwa amesimama katika ukungu, uso unacheka.

"Rafiki yangu mwenye jicho! Umekuja kuaga?"

Yalikuwa maneno machache tu. Muharami aliyapanga usiku kucha. Lakini aliuona uso ule uliomheshimu, uso pekee uliowahi kumwambia kwamba yeye ni mtu wa kuona, akafikiri jinsi utakavyobadilika, akafikiri pia kiboko cha boma kwa mwandishi aliyeandika uongo. Akafungua mdomo.

"Kamba za sanduku la tatu zimelegea, Bwana," akasema.

Msafara ukaondoka kushika njia ya Masasi, ile inayozunguka bondeni hadi Lindi. Akaufuata nyuma. Njia inateremka mteremko mkali kwa kona nyingi, na kila kona alijiambia, kona ijayo nitasema, nikifika pale penye jiwe nitaita, wakipumzika nitamwendea, na kila kona wapagazi walizidi kumwacha kwa sababu miguu yake ilikuwa inapunguza mwendo na yeye alikuwa anajifanya haoni, na sauti ilikuwa inatoka kwenye sanduku kule mbele, inahema, inamwita, u-hara-i, u-hara-i, bila hasira hata kidogo, kama alivyokuwa anamwita zamani aje kula.

Ndipo mgongoni mwake Sijaona akasema, "Baba."

Akasimama.

"Umesemaje?"

"Baba, nimechoka. Twende kwa mama."

Midomo ilikutana. Muharami alimteremsha, akamtazama, mdomo umefunga vizuri, hauna hata unyevu. Na kule chini kofia nyeupe ya Bwana Macho ilikuwa bado inaonekana katika ukungu. Sauti moja ingemfikia. Alijua hivyo. Alijua pia kwamba kadiri sanduku lilivyokwenda mbali ndivyo mtoto alivyopona, na kwamba kama angekaa kimya mpaka kofia ipotee, hakuna ambaye angejua kwamba hakuita. Marehemu mama yake angekwenda Lindi, angevuka bahari, angekaa kwenye nyumba kubwa kuliko boma, kinywa wazi, watu wakipita mikono nyuma kumtazama.

Alimpakata mwanawe akangoja. Kofia ikapotea. Kilichomuumiza zaidi, baadaye, ni kwamba alishusha pumzi.

Kaburini wanawake walikuwa wameketi kulizunguka shimo dogo la kina cha mkono. Sijaona aliponyoka mikononi mwake akakimbia, "Mama! Mama!" na Mwanaheri akaanguka juu yake akilia na kucheka, na wanawake wakapiga vigelegele. Muharami akacheka nao. Ilikuwa imekwisha.

Stamili peke yake hakupiga kigelegele. Alinyoosha kiganja.

"Ilete."

Muharami alikuwa amekwisha andaa jibu lake njiani. Mzungu amekataa. Ni maneno mawili.

"Zungu a-ekataa," akasema.

Vigelegele vilikatika. Akajaribu tena, akausukuma mdomo wa chini kwa vidole, na mate yakamdondoka juu ya shati jeupe.

"A-a," akasema. "A-a Sta-ili..."

"Nyamaza," Stamili akamwambia, taratibu, machozi yanamtoka. "Nimekwisha msikia dada."

Kisha akawageukia wanawake, akawaambia walifukie shimo.