Malori Yasiyo na Mlango

Malori-jua yalipita mji wa Igangilo mchana kutwa bila kelele, yamefuatana kama siafu, na hakuna hata moja lililokuwa na dereva. Chini ya lami wahandisi walikuwa wamefukia sahani za shaba zilizoletewa umeme kutoka mashamba ya jua ya Dodoma na mitambo ya upepo ya Singida. Kila lori lilipopita juu ya sahani hizo lilivuta umeme kwa kipokezi kilichofungwa tumboni mwake, kama mtoto anavyonyonya huku mama yake akitembea. Ndiyo maana hayakuwa na haja ya kusimama. Kutoka bandarini hadi Tunduma ulikuwa mwendo mmoja tu. Watu waliiita barabara hiyo njiaumeme, na wageni walitoka mbali kuja kuishangaa.

Twilumba, mwenye hoteli pale mjini, naye aliwahi kuishangaa. Siku ya uzinduzi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nani asingefurahi? Moshi wa dizeli uliowachoma watu macho ulikwisha. Majiko ya umeme yaligawiwa nyumba kwa nyumba, mkaa ukasahaulika, na misitu ikaanza kurudi milimani. Mumewe, Lusajo, aliyekuwa na kituo cha mafuta, alilipwa fidia na kuyajaza matangi yake zege, huku akitania kwamba ameuzika mzimu.

Jambo ambalo hawakulifikiria ni kwamba Igangilo iliishi kwa wasafiri kusimama. Mji ule ulizaliwa kwa sababu gari lilihitaji mafuta na dereva alihitaji ugali. Malori yalipoacha kusimama, hoteli ya Twilumba ilikosa walaji, mafundi wa matairi wakahama, nyumba za wageni zikageuka makao ya popo. Watu walipopungua, zahanati nayo ikahamishwa, maana mashine iliyopanga huduma iliona hapana wagonjwa wa kutosha. Waliobaki waliahidiwa ndegetiba, yaani gari la wagonjwa la angani, lisilo na rubani, ambalo lingefika popote likiitwa.

Asubuhi moja ya Julai Lusajo aliamka ameshika tumbo. Ngiri aliyoivumilia kwa miaka ilikuwa imebana utumbo. Jua lilipopanda alikuwa akitapika, na tumbo limekaza kama ubao. Twilumba akaita ndegetiba. Sauti laini ikamjibu kwamba mlimani kuna ukungu mzito, chombo hakiruhusiwi kuruka, ajaribu tena baadaye. Akajaribu tena. Jibu likawa lilelile.

"Shemeji, tusingoje," alisema Kihwele, jirani yao, ambaye peke yake alikuwa amebaki na bajaji ya umeme. "Betri yangu imechoka, lakini tukienda polepole huenda ikatufikisha hospitali ya Iringa."

Wakamlaza Lusajo kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mkewe. Wakaanza kupanda mlima. Katikati ya mwinuko taa ya betri ikawa nyekundu, bajaji ikapungua mwendo, ikasimama.

Kihwele akashuka, akaikanyaga lami kwa hasira. "Umeme uko hapa, chini ya miguu yetu! Ila bajaji yangu haina kipokezi, na vipokezi hawapewi watu kama sisi."

Twilumba alikilaza kichwa cha mumewe taratibu, akaenda katikati ya barabara, akainua mikono.

Lori la mbele likapunguza mwendo, likasimama hatua chache mbele yake, na msafara wote ukasimama nyuma yake.

"Tafadhali ondoka njiani," lilisema. "Unahatarisha maisha yako."

"Mume wangu anakufa! Mchukueni!"

Lori likarudia maneno yaleyale. Twilumba alipogoma kuondoka, sauti nyingine ikatokea, ya kijana.

"Shikamoo, mama. Naitwa Ezra, msimamizi wa zamu, niko Dar es Salaam. Ninakuona kwenye kioo. Kuna nini?"

Akamweleza.

"Mama, ningemchukua sasa hivi. Lakini lori halina mlango."

Twilumba akalizunguka. Kweli. Hapakuwa na kabini ya dereva, wala kiti, wala kikanyagio. Mbele palikuwa chuma kitupu, na nyuma kontena lililofungwa lisiingize hewa. Waliolitengeneza hawakuacha nafasi ya mtu hata mmoja.

"Basi litusukume," alisema Lusajo kutoka kwenye bajaji, sauti yake nyembamba. "Zamani madereva walikuwa wanasukumana."

"Mashine haitakubali kugusa chombo chenye watu," alisema Ezra. "Itabidi niizime, niendeshe mwenyewe kutoka huku." Akavuta pumzi. "Mama, mimi sijawahi kuendesha kitu. Nimezaliwa madereva wameshakwisha."

"Jaribu, mwanangu."

Lori likasogea, likasita, likasogea tena, mpaka uso wake ukaigusa bajaji. Twilumba akarudi kukaa na mumewe, Kihwele akashika usukani. Wakaanza kupanda, mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yao malori yote yakiwafuata katika ukungu.

"Mama Sekela," Lusajo alimwambia mkewe. "Yako mangapi nyuma yetu?"

"Mengi. Sioni mwisho wake."

"Miaka yote hii yanatupita tu." Akajaribu kutabasamu. "Leo yametusubiri."

Hakusema tena. Walipokaribia kileleni mkono wake ulikuwa mzito kiganjani mwa mkewe, na kifua chake hakikupanda. Twilumba akaweka shavu lake puani mwa mumewe, akangoja. Kihwele macho yake yalikuwa barabarani, hakujua kitu.

"Mama, mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza Ezra. Sauti yake ilitetemeka, lakini ilikuwa na furaha, kama ya mtu aliyeanza kuamini mikono yake. "Tumebakiza kilima kimoja tu!"

Twilumba akafumbua kinywa. Akafikiri: nikisema, watatuacha hapa kando ya barabara na maiti.

"Amepumzika, mwanangu," alisema. "Endelea tu."

Baada ya arobaini, ofisa wa njiaumeme alikuja kutoa rambirambi. Alikuwa mtu mpole. Alikunywa chai, akaulizia watoto. Twilumba akamwuliza habari za Ezra.

"Hayupo kazini tena," alijibu ofisa, macho yake kwenye kikombe.

Kisha akageukia dirishani. Kule nje roboti zilikuwa zikichimbia nguzo za chuma kando ya lami, pande zote mbili, na wavu mrefu ulikuwa umeshapita mbele ya hoteli iliyofungwa.

"Tumeshachukua hatua, mama," alisema. "Hakuna mtu atakayeweza kufika barabarani. Jambo kama lile halitatokea tena."

Akamshukuru kwa chai, akaaga.