Filamu Bora ya Fundi Makochi

Jumamosi ile duka la filamu lilifurika. Watu walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja na flashi yake mkononi, na mwenye duka aliwarekodia huku jasho likimtiririka. Msimu wa tuzo za filamu ulikuwa umekaribia, na katika msimu huo hakuna aliyeingia pale akatoka bila kubishana.

Mbishi mkuu alikuwa fundi makochi, kijana mrefu mwenye chembe za sponji kwenye nywele.

"Muuaji bora wa mwaka ni yule mzee wa melini," alisema. "Anaua huku anaomba radhi! Wimbo bora, ule wa arusi ya mapacha, hapo sitaki kelele. Na filamu bora ni ile ya mlinzi wa daraja. Atakayebisha tutoke nje."

"Tukafanye nini nje?" mwenye duka akamuuliza. "Wewe mwenyewe huna hata ngumi."

"Tukabishane penye hewa."

Watu wakacheka. Nyuma yao alisimama dada mmoja, gauni la bluu limemkaa vizuri, mkoba wa ofisini begani. Alikuwa karani wa kampuni ya bima.

"Kwa nini hiyo ya daraja?" akauliza.

Fundi akageuka, na sauti yake ikapoa ghafla. "Dada, kuna pale mume anakwenda vitani. Mke amesimama mlangoni, anamwambia, 'Ukirudi usibishe hodi. Anayebisha hodi ni mgeni.' Mimi nilikuwa napigilia kochi la mteja. Nyundo ikaniangukia kidoleni. Tazama, ukucha haujakaa sawa mpaka leo."

Dada akautazama ukucha, na uso ukamwaka moto. Maneno yale yalikuwa yake.

Filamu za duka lile zilikuwa za kutafsiriwa. Sauti moja nzito ya mzee iliwasemea waigizaji wote, wanaume kwa wanawake. Mzee huyo alikuwa mjomba wa dada yule, ndiye aliyemlea, na maneno aliyoyasema aliandikiwa na mpwa wake mwishoni mwa juma. Pale mlangoni, katika filamu yenyewe, mke hasemi kitu. Anamtazama mumewe tu, kisha anafunga mlango. Mpwa aliogopa watu wangedhani sauti imekatika, akampa yule mke maneno. Fundi naye asingeweza kujua, kwa sababu filamu alizisikiliza tu akiwa kazini, macho yakiwa kwenye misumari.

Dada hakusema. Aliomba namba ya simu, akidai kwamba kochi lao limebonyea.

Kochi halikuwa limebonyea. Hata hivyo simu zilianza, na kwa kuwa kila mara alimtaka aamue nani bora, Fundi akampa jina la utani, Jaji.

"Haya Jaji, nani mwigizaji bora wa kike?" Fundi aliuliza, nyundo ikigonga nyuma yake.

"Yule muuguzi."

"Yule? Analia kama mtu aliyekata kitunguu!"

"Na wewe unapenda wanaolia vipi?"

"Mimi sipendi wanaolia. Nampenda mmoja, anayecheka. Yuko kwenye simu sasa hivi."

"Mwongo wewe."

"Mwulize huyohuyo, kipenzi."

Basi jina likabaki Jaji. Walipendana, wakatembea jioni hadi mtaa wa pili na kurudi, wakabishana kuhusu filamu mpaka majirani wakawazoea. Mara nyingi Jaji alifungua kinywa amwambie ukweli, akakifunga. Alikuwa mwanachama wa klabu ya filamu, na watu wa klabu walizidharau filamu za kutafsiriwa, wakiziita filamu za kelele. Hakuna hata mmoja aliyejua kazi yake ya mwishoni mwa juma. Mwaka huo mwenyekiti alikuwa amemwahidi nafasi katika kamati ya kuchagua filamu bora ya klabu. Kwa hiyo alimficha mjomba wake kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka.

Fundi aliposikia kuna kikao cha wanachama kutaja machaguo yao, alimsihi ampeleke. Jaji alitaka kumwomba asiyataje maneno ya mlangoni, lakini angetoa sababu gani?

Alasiri hiyo Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, nywele safi, hazina hata chembe ya sponji. Alisikiliza machaguo ya wengine kwa adabu. Mwenyekiti, ambaye alikuwa daktari wa meno, akamwelekea.

"Na mgeni wetu?"

Fundi akasimama. Akaitaja filamu ya mlinzi wa daraja, watu wakaitikia kwa vichwa, naye akapata nguvu. Akayasema maneno ya mke pole pole, kama mtu anayesali.

Watu wakatazamana.

"Ndugu yangu," mwenyekiti akasema, "pale mwanamke hasemi kitu."

"Anasema."

"Hasemi. Kutosema ndiyo uzuri wenyewe."

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Ahaa! Umetazama zile za kelele! Za yule mzee anayebwabwaja!"

Kicheko kikazuka kuanzia viti vya mbele mpaka nyuma. Fundi akamgeukia aliyekaa kando yake. "Jaji, waambie. Si anasema?"

Na Jaji akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, cha mtu anayetaka aonekane yuko upande wa wengi. Fundi alikisikia kuliko vyote.

Akaketi. Akavitazama vidole vyake. Kisha akasimama tena. "Asanteni," akasema. "Mna viti vizuri." Akatoka.

Jaji alipiga simu siku ile na siku zilizofuata. Mara moja tu ilipokewa.

"Ndiyo dada. Una kochi la kutengeneza?"

"Mpenzi, ni mimi."

"Nimeona namba. Kama hakuna kochi, nina kazi nyingi." Ikakatwa.

Nyumbani, mjomba alikuwa mezani akifanya mazoezi ya sauti ya malkia, kitambaa kichwani ili aingie vizuri katika nafasi yake. "Mama, hili neno lako limekaa vizuri sana," akamwambia. "Wewe una kipaji." Jaji hakuweza kumtazama. Mzee aliyeitwa mbwabwajaji mbele yake ndiye aliyemsomesha kwa sauti hiyo hiyo.

Akaingia chumbani, akapiga magoti. "Ee Mungu, nisamehe," akaanza, akakwama. Alijua Mungu amemsikia. Alijua pia kwamba siku ile hakumcheka Mungu. Akanyanyuka, akavaa viatu.

Karakana ilinuka gundi na vumbi la mbao. Fundi alikuwa ameinamia kochi kubwa la kijani na misumari mdomoni. Alimwona, akaendelea kugonga.

"Maneno ya mlangoni ni yangu," Jaji akasema. "Mimi ndiye niliyeyaandika. Yule mzee ni mjomba wangu."

Fundi akaitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja.

"Kwa hiyo siku ile dukani ulijua."

"Nilijua."

"Na pale ukumbini ulijua."

"Nilijua. Niliona aibu."

"Uliona aibu ya nani? Yangu, ya mjomba, au yako?"

"Ya wote," akasema, na machozi yakamshuka. "Nyinyi wawili hamkustahili kuonewa aibu. Mimi ndiye niliyestahili."

"Wale hawakuniumiza," Fundi akasema. "Mimi nimechekwa tangu nikiwa mdogo. Kile cha puani ndicho kilichoniumiza, Jaji."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kumwita hivyo. Jaji akatoa simu, akampigia mwenyekiti, akaweka spika.

"Mwenyekiti, maneno mliyoyacheka niliyaandika mimi. Na huyo mzee anayebwabwaja ndiye baba aliyenilea. Yule mgeni alisema kweli alichokisikia. Mimi ndiye niliyekaa kimya."

Kisha mwenyekiti akakohoa. "Sasa… unaelewa kwamba suala la kamati itabidi tulitazame upya."

"Naelewa. Litazameni."

Alipokata, aliiweka simu juu ya kochi. Hakujisikia shujaa hata kidogo. Alijisikia kama mtu aliyevua nguo sokoni. Fundi akamsogezea ncha ya kitambaa cha kijani.

"Shika hapa. Vuta. Usilegeze."

Akavuta. Fundi akapigilia msumari, mwingine, mwingine, vichwa vyao vikikaribiana.

"Mjomba wako anapatikana lini?" akauliza, macho kwenye nyundo.

"Unataka kumsifu?"

"Nataka kumposa mpwa wake. Naogopa tu asije akanijibu kwa ile sauti ya mzee wa melini."

Jaji alishindwa kuinua uso. Aibu ilikuwa bado imejaa humo, na furaha haikupata pa kukaa ila juu yake.

"Jumapili baada ya ibada," akasema. "Na uje na misumari. Viti vyake vyote vimelegea, hana pa kumkalisha mkwe."